Hema la Kujaza Upepo: Familia Inanunua Nini Hasa?

Anayetafuta hema la familia siku hizi hukutana na tarakimu nne kabla hajatazama hata rangi: watu 6, dakika 10, psi 7, milimita 4000. Zote zina ukweli wake, lakini hakuna hata moja inayomwambia mzazi anayetaka kuwapeleka watoto Naivasha, Mikumi au Ngorongoro kama hema hilo litamfaa. Hapo ndipo watu wanapogawanyika. Wapo wanaoamini kwamba fito zimepitwa na wakati, na kwamba mwenye gari na pampu hana sababu ya kuhangaika na vipande ishirini vya bomba gizani. Wapo wanaosema hema linalosimama kwa upepo ni la kwenye bustani za Ulaya, na kwamba mwiba wa kwanza wa mgunga utalilaza chini na watoto wamo ndani. Muuzaji, ambaye angeweza kuwasaidia, hurudia zile tarakimu nne.

Pande zote mbili zinabishana juu ya sehemu ndogo ya jambo. Upepo hushughulikia saa ya kwanza ya kambi: kushuka garini, kusimamisha hema, kuingiza magodoro kabla giza halijashika. Saa zinazobaki, yaani usingizi wa usiku, joto la saa nne asubuhi, mvua ya alfajiri na miaka ambayo hema litakaa stoo, huamuliwa na kitambaa, madirisha, sakafu na urahisi wa kulitengeneza. Mnunuzi anayeanza kwa kuuliza habari za pampu anaanza na jambo ambalo lingepaswa kuja mwisho.

Lilivyoundwa, na mazingira yaliyolizaa

Hema la kawaida husimama kwa fito za faibaglasi, alumini au chuma zinazopitishwa kwenye mifereji ya kitambaa. Hema la kujaza upepo limebadilisha jambo hilo tu: badala ya fito kuna nguzo za upepo. Ukifungua zipu iliyo ubavuni mwa nguzo utakuta tabaka mbili. Ndani ni tyubu ya plastiki laini, ama ya PVC ama ya ile aina ya poliurethani inayoitwa kwa kifupi TPU. Nje ni ala ya polista iliyofumwa kwa kukazwa, isiyotanuka. Zimegawana kazi kama tyubu na tairi la baiskeli: ya ndani inazuia hewa isitoke, ya nje inaizuia ya ndani isivimbe ikapasuka. Kwa hiyo nguvu ya nguzo inategemea ala na mshono wake kuliko unene wa tyubu. Aliyeko dukani atajifunza zaidi akiushika mshono wa ala kwa vidole viwili na kuuvuta kuelekea pande mbili, akiangalia kama matundu ya sindano yanafunguka, kuliko akiibonyeza nguzo iliyojaa kama mtu anayepima embe.

Mengi ya mahema haya yanatoka kwa kampuni za nchi za baridi: Vango ya Uskoti, Outwell ya Denmark, Heimplanet ya Ujerumani, Quechua ambayo ni chapa ya Decathlon ya Ufaransa, na Zempire ya New Zealand. Wabunifu wao walikuwa na mteja fulani mbele yao: familia inayopiga kambi kwenye nyasi zilizofyekwa, chini ya mvua ya rasharasha, katika majira ya joto ambayo bado yanahitaji sweta jioni. Mteja huyo anataka hema linalotunza joto, lenye sebule kubwa ya kukaa mvua inaponyesha mchana kutwa, na sakafu iliyoshonwa pamoja na kuta. Hakuna ubaya hapo. Lakini kila kimoja cha vitu hivyo kikifika Morogoro mwezi wa Februari hugeuka kuwa swali. Hema linalotunza joto huko ni sifa; hapa linaweza kuwa sababu ya mtoto kulia saa sita usiku.

Tarakimu ya idadi ya watu nayo imetoka hukohuko, na inapotosha kila mahali. "Watu 6" maana yake ni watu sita wamelala bega kwa bega, kila mmoja kwenye upana wa sentimita 60 hivi, bila begi hata moja. Wazazi wawili na watoto wawili wanaotumia magodoro ya kawaida ya kambi wanahitaji hema la watu sita, na wakiwa na watoto watatu waanze kutazama la wanane. Hilo linaongeza uzito na bei, na tutaona kwamba uzito si jambo dogo.

Saa moja kabla ya giza

Utetezi mkubwa wa hema la upepo ni kasi, na wapinzani huudharau haraka mno. Wanasema dakika ishirini za kuokoa hazistahili kulipiwa fedha zote hizo. Kwa Uingereza hoja yao ina uzito: mwezi Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku, na mwanga hubaki kwa muda mrefu baada ya hapo. Familia iliyochelewa barabarani bado inaona vigingi vyake. Karibu na ikweta hali ni tofauti kabisa. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, na kutoka kuzama kwake hadi giza la kutoona kamba miguuni ni dakika ishirini na kidogo tu. Ongeza foleni ya kutoka Nairobi Ijumaa jioni, au barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro yenye vijiji vya mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kisha kumbuka kwamba mageti ya hifadhi hufungwa saa kumi na mbili jioni. Familia inayofika saa kumi na moja na nusu ina dirisha dogo la mwanga, na kila dakika ya kusimamisha hema inatoka humo.

Hata hivyo dakika zilizotajwa kwenye boksi zinahitaji kusomwa vizuri. Dakika 10 ni za kujaza nguzo. Kabla ya hapo hema lazima lifunguliwe, litandazwe, upande wa mlango uelekezwe panapotakiwa na pembe nne zipigwe vigingi. Baada ya hapo kamba za kuvutia hukazwa, vyumba vya ndani huning'inizwa ikiwa viliondolewa, na mapazia hufungwa. Kwa hema kubwa kazi yote hufika nusu saa. La fito la ukubwa huohuo linaweza kuchukua dakika arobaini na zaidi kwa watu wawili wanaolijua. Tofauti ipo, ila ni ndogo kuliko inavyotangazwa.

Faida halisi imefichika kwenye maneno hayo "watu wawili". Fito ndefu za hema la kusimama wima ndani yake zinahitaji mtu upande huu na mwingine upande ule. Mmoja akisukuma, mwingine anapokea. Nguzo za upepo hazihitaji mwenzako. Mama aliyekuja na watoto watatu wadogo, au baba ambaye mwenzake anamnyonyesha mtoto garini, anaweza kulisimamisha peke yake. Hapo ndipo hema la upepo linashinda bila ubishi, na inafuata kwamba faida ya upepo hukua kadiri hema linavyokuwa kubwa. Kwa hema dogo la kuba la watu watatu au wanne, ambalo fito zake mbili hupishana juu na kazi kuisha kwa dakika kumi, kulipia upepo ni kununua suluhisho la tatizo ambalo halipo.

Kukunja ni habari nyingine. Hewa hutoka kwa kishindo ukifungua valvu, lakini inayobaki pembeni mwa nguzo hukataa kuondoka, na hema hugoma kuingia kwenye mfuko wake. Inabidi kukunja kuelekea kwenye valvu, kupiga magoti juu yake, kufungua tena na kukunja upya. Mfuko mpana, wenye mikanda ya kubana, ni jambo la kuuliza dukani kabla ya pampu.

Hewa ina tabia yake

Hofu ya kuangukiwa na hema usiku huwasumbua wengi kuliko kitu kingine, kwa hiyo inastahili kujibiwa kwa hesabu. Tuchukue nguzo iliyojazwa hadi kanieneo ya psi 7, kiwango cha kawaida kwa mahema ya familia, kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Huko kanieneo ya anga lenyewe ni psi 11 hivi, wakati pwani ni 14.7. Jioni nguzo imepashwa na jua hadi nyuzi 30 za Selsiasi. Usiku wa manane baridi inashuka hadi nyuzi 8. Bila tundu lolote, bila valvu kuvuja, kipimo kitashuka kutoka psi 7 hadi 5.7 hivi, kwa sababu hewa inapopoa husinyaa. Hema litalegea kidogo, na mwenye nalo atakayelishika saa tisa usiku ataapa kwamba lina pancha. Saadani, ufukweni, ambako joto huteremka kutoka nyuzi 32 hadi 25 tu, nguzo ileile itabaki na psi 6.5. Kwa hiyo malalamiko mengi ya "linavuja" yanayotoka nyanda za juu ni ya baridi. Dawa yake ni kuongeza pampu chache jua likishatua, nguzo zikiwa zimepoa.

Hatari iko upande wa pili, na huzungumzwa kidogo. Nguzo iliyokazwa hadi psi 7 alfajiri ya nyuzi 10, kisha ikaachwa ndani ya hema lililofungwa hadi jua la mchana likaifikisha nyuzi 45, hupanda hadi psi 9 na ushei. Ala nzuri inastahimili hilo. Iliyoshonwa vibaya, au iliyoliwa na jua kwa misimu minne, hupasukia kwenye mshono, na tyubu huchomoza nje kama malengelenge. Baadhi ya mahema yana valvu ya usalama inayotoa hewa yenyewe ikizidi kiwango. Kwa matumizi ya kwetu ningeihesabu kuwa ya lazima. Isipokuwepo, mwenye hema apunguze hewa kidogo kabla ya kuondoka kwenda kuangalia wanyama.

Mtu atauliza: kwani pampu ya tairi haitoshi? Haifai. Pampu ndogo ya umeme ya tairi imeundwa kusukuma hewa kidogo kwa nguvu nyingi, psi 30 na zaidi, ilhali nguzo ya hema inataka hewa nyingi kwa nguvu ndogo. Itachukua muda mrefu, itachemka, na mdomo wake haukai kwenye valvu ya hema. Mashine ya kituo cha mafuta ni mbaya zaidi, kwani inaweza kupasua tyubu kabla mkono haujafika kwenye swichi. Pampu ya mkono inayosukuma hewa ikienda na ikirudi, yenye kipimo chake, hutosha kabisa. Pampu ya umeme ya volti 12 iliyotengenezwa kwa mahema inapunguza jasho, lakini isiwe pampu pekee, maana fyuzi ya soketi ya gari ikiungua mtabaki na marundo ya kitambaa.

Kuanguka kwenyewe je? Hema la familia huwa na nguzo tatu au zaidi. Nyingi zina valvu yake kila moja. Nyingine hujazwa kutoka mahali pamoja, na hizi ni salama ikiwa tu kuna kifungio kati ya nguzo na nguzo, na mtu akakumbuka kukifunga. Kifungio kikiwepo na kikafungwa, pancha moja hulegeza upande mmoja wakati nyingine zinaendelea kushika paa. Bila kifungio, tundu moja linamaliza hewa ya hema zima. Hii ni tofauti ya kweli kati ya hema na hema, na haiandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi.

Kwa upepo wa nje, nguzo za hewa zina sifa nzuri. Dhoruba ikizikunja huinama kisha hurudi, wakati ufito wa faibaglasi huchanika urefu wake na wa alumini hubaki umepinda. Ila hema refu la mfano wa handaki halisimami bila vigingi, liwe la fito au la upepo, na vigingi vya waya vinavyokuja nalo hupinda kwenye udongo wa changarawe na kuchomoka kwenye mchanga. Bajeti ya hema iwe na vigingi vizito vya chuma tangu mwanzo, na nyundo.

Mwiba, pancha na fundi

Hoja ya mwiba ni ya kweli, ila inalengwa pasipo. Nguzo ikishasimama, mwiba wa ardhini hauigusi. Iko juu, imevaa ala. Hatari ni dakika zile hema limetandazwa chini bila hewa na watu wanalikanyaga wakitafuta pembe zake. Chini ya migunga ya Naivasha miiba hudondoka miwilimiwili, imeungana kwenye shina lake, kiasi kwamba ikilala chini ncha moja mara nyingi hutazama juu. Ni myeupe, mirefu kama kidole, na mikavu huwa migumu kama msumari. Goti la mtu mzima juu ya kitambaa, kitambaa juu ya nguzo tupu, nguzo juu ya mwiba: hiyo ndiyo njia ya pancha. Turubai nene likitandikwa kwanza, na ardhi ikifagiwa kwa tawi au fagio la chelewa, hatari hupungua sana, na sakafu ya hema nayo inapona. Sakafu, kwa kweli, ina maadui wengi kuliko nguzo. Mchwa wanaweza kuitoboa katika siku chache hema likikaa mahali pamoja.

Pancha ikitokea, kuitafuta ni kazi ambayo kila mtu ameiona kwa fundi wa baiskeli: unachomoa tyubu, unaijaza kidogo, unapaka maji ya sabuni na kutazama povu. Kuiziba ndiko kunakoleta tofauti. Kiraka na gundi ya fundi wa pancha vimetengenezwa kwa mpira; kwenye TPU au PVC hubanduka. Unahitaji kiraka cha plastiki ileile au utepe wake maalumu, na hivyo havipo kibandani Mto wa Mbu. Ufito wa chuma uliovunjika huchomelewa na fundi yeyote mwenye mashine, na wa faibaglasi huvishwa kipande cha bomba ukaendelea na safari. Nikipima pande zote, huu ndio udhaifu mzito kuliko wote wa hema la upepo katika nchi zetu. Linaharibika mara chache, ila likiharibika limekutenga na mafundi wanaokuzunguka.

Dawa ni kununua ukarabati pamoja na hema. Hema ambalo tyubu yake huchomolewa kwa zipu, na ambalo mtengenezaji wake anauza tyubu na valvu za akiba, ni tofauti kabisa na lile ambalo nguzo imeshonwa kabisa ndani ya kitambaa. Tyubu moja ya akiba ya nguzo ndefu kuliko zote, valvu mbili na utepe, vikikaa kwenye mfuko wa vigingi, vinajibu sehemu kubwa ya hoja ya wapinzani. Asiyeweza kuvipata, au anayenunua la mtumba ambalo mtengenezaji wake ameacha kulitengeneza, afikiri mara mbili, hata bei ikiwa tamu.

Kitambaa ndicho hema lenyewe

Sasa ile milimita 4000. Kipimo hicho hueleza urefu wa mnara wa maji ambao kitambaa kinaweza kuubeba kabla tone la kwanza halijapenya. Uingereza huhesabu milimita 1500 kuwa mwanzo wa kutopitisha maji. Paa la milimita 3000 lenye mishono iliyozibwa kwa utepe linastahimili mvua ya masika. Sakafu inahitaji zaidi, kwa kuwa goti la mtu hubana maji kwenda juu. Kuanzia hapo kuongeza tarakimu hakumwongezei mlalaji ukavu. Kitambaa kilichopakwa zaidi hupumua kwa shida zaidi, na watu wanne waliolala hutoa kwa pumzi na jasho zaidi ya lita moja ya maji kwa usiku mmoja. Maji hayo yasipopata dirisha hugandamana kwenye paa baridi na kuwadondokea wenyewe. Wengi walioamka na magodoro mabichi Limuru au Lushoto walilaumu mvua wakati hema halikuvuja hata kidogo.

Kwa hiyo kwa kambi za kwetu dirisha lina thamani kuliko milimita. Tafuta wavu wa mbu wenye matundu madogo pande mbili zinazotazamana ili upepo upite. Tafuta tundu la chini lenye kifuniko na la juu karibu na dari, yanayoweza kubaki wazi mvua ikinyesha. Angalia pia kama chumba cha kulala kinaweza kusimama na wavu pekee usiku wa joto, kitambaa cha nje kikiwa kimekunjwa. Mahema mengi ya upepo yana madirisha makubwa ya plastiki angavu sebuleni. Yanapendeza kwenye picha, lakini hayafunguki, na jua la saa nne huyageuza kuwa kioo cha kukausha mboga. Nayahesabu kuwa kasoro. Chapa kama Coleman na Quechua hutengeneza mahema ya kitambaa kinachozuia mwanga, na hili ni jambo la maana zaidi kwetu kuliko kwao: mtoto hulala hata baada ya mapambazuko ya saa kumi na mbili, na joto la asubuhi huchelewa.

Jua lenyewe ndilo mla hema mkubwa. Mionzi ya urujuanimno karibu na ikweta, hasa kwenye miinuko, hukatakata nyuzi za plastiki mpaka kitambaa kinachanika kwa kidole. Nailoni huwahi kufa kuliko polista, kwa hiyo kwa hema la kukaa juani polista ndiyo ya kuchagua, na nene kuliko nyembamba. Pwani kuna adui mwingine asiyeonekana dukani. Upako wa poliurethani ukihifadhiwa kwenye joto na unyevunyevu huoza polepole, ukawa unanata na kutoa harufu kali, na baadhi ya tyubu za TPU hukumbwa na shida hiyohiyo. Hema lililorudishwa Mombasa au Tanga likiwa na umande, likafungiwa stoo ya bati hadi likizo ijayo, linaweza kufa bila kutumika. Hema kubwa ni gumu kulianika kwenye nyumba ya ghorofa. Anayeishi bila uwanja wala ukumbi mpana alipime hilo kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Kuna kitambaa cha mchanganyiko wa pamba na polista, na mahema ya upepo ya bei ya juu hukitumia. Kinapumua, kina ubaridi mchana, na kinastahimili jua. Lakini ni kizito, kikilowa kinakuwa kizito zaidi, na kikikunjwa na maji huota kuvu. Kinawafaa wanaokaa nyanda kavu kama Nanyuki au Dodoma na wana gari lenye nafasi. Kwa pwani sikipendekezi.

Sebule kubwa inaleta jambo moja ambalo lisemwe bila kuzunguka. Usiku wa baridi, jiko la mkaa huonekana kama mgeni mwema ndani ya hema pana kama chumba. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi, na familia inaweza kufa usingizini, iwe madirisha yamefunguliwa kidogo au la. Polista nayo huyeyuka na kushika mwilini ikipata moto. Jiko likae nje, siku zote, na baridi ijibiwe kwa blanketi na godoro nene.

Washindani wake

Hema la upepo halishindani na fito za faibaglasi tu. Kampuni za utalii za Arusha hutumia mahema ya turubai zito kwa sababu nzuri: hayapitishi mwanga mkali, yanadumu miaka, na fundi cherehani yeyote mwenye sindano nene anayaziba. Lakini kampuni hizo zina wasaidizi na gari la mizigo. Familia ina Noah au Forester yenye watoto nyuma. Hema la juu ya gari nalo linapendwa na wanaokodi magari ya safari. Linafunguka haraka kuliko yote na halijui miiba. Familia ya watano haienei humo, mzigo wake juu ya paa huyumbisha gari kwenye kona, na kila alfajiri ya kutafuta simba lazima likunjwe kwanza kwa sababu gari ndilo kitanda. Hema la ardhini hubaki kambini likisubiri.

Uzito unarudi hapa. Hema la upepo la watu sita huwa kati ya kilo 18 na 30 bila pampu, na huchukua nafasi kubwa ya buti. Wengi hulipata kupitia ndugu walio Uingereza au Ujerumani, na mashirika mengi ya ndege huweka kikomo cha kilo 23 kwa begi moja. Hema la kilo 26 linalouzwa huko kati ya pauni mia nne na elfu moja linaweza kupoteza unafuu wake wote kwenye uwanja wa ndege. Mwombe ndugu asome uzito wa mfuko mzima, pampu ikiwemo.

Nani alichukue, nani aliache

Nikiweka haya yote kwenye mizani, naona hema la kujaza upepo linamfaa mtu mmoja hasa: mwenye familia kubwa inayohitaji kusimama wima ndani, anayefika jioni, mara nyingi bila mtu mzima wa kumsaidia, na anayehama kambi kila baada ya usiku mmoja au miwili. Kwake saa ya kwanza hurudi kila jioni, na upepo unamlipa kila mara. Familia inayokaa usiku minne mahali pamoja kila likizo hunufaika na kasi hiyo mara moja tu, kisha huishi na uzito, gharama na ukarabati mgumu. Fedha hizohizo zingenunua hema zuri la fito lenye kitambaa bora zaidi, pamoja na magodoro, na wangelala vizuri kuliko jirani yao. Watu wanne wasiojali kuinama mlangoni hawahitaji upepo kabisa.

Baadhi watapinga kwamba teknolojia hii itazoeleka, vipuri vitafika, na mafundi watajifunza kama walivyojifunza simu. Inawezekana, na ningefurahi. Lakini hema hununuliwa kwa ajili ya Desemba hii, likaishi na fundi aliyepo leo.

Aliyeamua kulichukua, maswali yake yapangwe hivi: kwanza hewa itapitaje ndani usiku wa joto, pili kitambaa ni polista ya unene gani na kinazuia mwanga kiasi gani, tatu tyubu inachomolewa na ya akiba inapatikana, nne nguzo zimetenganishwa, na mwisho kabisa ni pampu. Kisha lifunguliwe nyumbani kabla muda wa kulirudisha haujapita. Lijazwe saa mbili asubuhi na kipimo kiandikwe. Limwagiwe ndoo kadhaa za maji kwenye mishono ya paa. Liachwe hadi kesho yake, likapimwe tena saa mbili ileile ya asubuhi, kwa sababu ukilipima jioni utakuwa unapima jua. Likiwa limepoteza chini ya nusu psi katika saa hizo ishirini na nne, pakia gari.